Siku 12, bantu sita, Land Cruiser moja: munisaidie kupanga safari toka L'shi (Lubumbashi)

Mwana_Katuba
Yambo benu bote. Minaomba mashauri mbele nipoteze feza ya bengine. Mudogo yangu anaishi Ubelgiji tangu miaka 14, anakuya mwezi wa 7 na bibi yake muzungu na batoto babili, wa miaka 9 na wa miaka 13. Alinitumia voisi ya dakika nane, kwa kifupi anataka banyama, anataka kutembea na kulala mu hema, na anataka batoto baone mila "ya kweli, hapana ile ya kuchezea baturisti". Siku 12. Feza yote ni dola 4000 ya bantu sita, maana mi njo dereva na mama amesema hawezi kubakia nyumba kama bajukuu yake banazunguka. Nikafungua intaneti, kila fasi ni Serengeti na Masai Mara, nikapiga hesabu ya ndege bantu sita kwenda na kurudi, nikazima telefoni nikalala. Motokari iko, ya shemeki, ya zamani lakini inafika. Kuko mwenye alishafanya safari ya namna hii toka hapa kwetu?

Kaka_wa_Kasapa
Mukubwa, Arusha ya kufanya nini, toka L'shi kufika Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, ni karibu kupita kufika Likasi!! Enda Livingstone bwana. Mosi-oa-Tunya, yale maporomoko ya Victoria, moshi wenye kunguruma, ukuta wa maji wa mita 1,708 kwa upana na mita 108 kwenda chini. Mwezi wa 7 njo wakati muzuri, maji ingali mingi lakini ule moshi umepunguka, unaona kitu, hapana kama mwezi wa 4 wenye unalowa nguo paka bure. Na pale pale kuko daraja ya 1905, bantu banaruka na kamba mita 111, wa miaka 13 atapenda.

Mama_Bwali
Wa miaka 13 haruke popote, mama yake iko muzungu lakini kambo yake, mama ya baba yake, iko mu motokari

Dereva_wa_Tunduma
Habari zenu ndugu wa L'shi, mimi Mtanzania, napiga Dar mpaka kwenu na kontena miaka tisa sasa kwa hiyo barabara hiyo naijua kuliko sebule yangu. Livingstone ni pazuri sikatai ila mwenye uzi angalia ramani kwanza, toka Kasumbalesa mpaka Lusaka unakula siku nzima, toka Lusaka mpaka Livingstone siku nyingine, halafu urudi. Siku nne za lami kati ya kumi na mbili, na mtoto wa miaka tisa nyuma anauliza bado? bado? Halafu jambo la pili ambalo nyie mnalisahau kila siku, kwenu mnaendesha kulia, Zambia kushoto. Asubuhi ya kwanza dereva ana usingizi anatoka pale mpakani anajikuta uso kwa uso na mimi. Weka mtu wa kukukumbusha kila unapotoka sheli, maana hapo ndipo mtu hukosea, anaingia barabarani upande aliozoea. Na usiku usiendeshe, malori mabovu yanalala katikati ya njia bila taa.

Mwana_Katuba
Aksanti kaka dereva. Kama si Livingstone ni wapi sasa?

Dereva_wa_Tunduma
Mimi ningekata Serenje, niingie ile njia ya Samfya. Kuna hifadhi inaitwa Kasanka, ndogo tu, haifiki hata km² 500, lakini ndipo wanapotua wale popo, wanasema kama milioni kumi, jioni mbingu inakuwa nyeusi. Nilikwenda mwaka juzi gari ilipoharibika Serenje siku nne, bora kuliko kukaa unahesabu tairi.

Kaka_wa_Kasapa
Popo mwezi wa 7 hamuna! Banaingia mwezi wa 10 mupaka wa 12, kufuata matunda. Halafu bale popo ni bakwetu, walivalishwa vifaa vya setilaiti wakaonekana banarudi huku Congo. Milioni kumi banavuka mupaka kila mwaka, hakuna hata moja alishaulizwa karatasi 😂

Tantine_wa_Golf
😂😂 Na shiye tukiwa bane tu tunamaliza asubuhi nzima.
Lakini Kasanka hata bila popo iko na swala wa majini, yule sitatunga, kwato zake ni ndefu zinamusaidia kutembea mu tope. Kuko fasi juu ya muti kabisa, unapanda ngazi asubuhi mbele jua itoke, kungali ukungu, unabaangalia bakitoka mu matete. Batoto beko na lazima ya kunyamaza. Hii njo shida.

Mwana_wa_Lufira
Samahani lakini uzi huu unanichoma roho. Muntu anatoka Bulaya kuona inchi ya baba yake, na bote munamupeleka Zambia. Tuko na Upemba tangu 1939, zaidi ya km² 10,000 hata kiisha kuipunguza mu 1975, na bale punda milia ba mwisho ba Congo yote beko paka kule, hamuna fasi ingine mu inchi hii muntu anaona punda milia mu pori. Tuko na Kundelungu tangu 1970, na maporomoko ya Lofoi, maji inaanguka zaidi ya mita 300 bila kugusa kitu, ile Mosi-oa-Tunya munaimba inaingia mara mbili na inabakia. Nani kati yenu alishafika Lofoi? Museme kweli.

Kaka_wa_Kasapa
...

Mama_Bwali
Mi hapana

Tantine_wa_Golf
Mi nilifika, na nitasema kweli yote. Ni fasi nzuri sana, ile nyanda ya juu usiku baridi inakata, asubuhi majani yote yako na umande kama sukari. Lakini (1) mwezi wa 7 ni kiangazi, Lofoi inakuwa kamba nyembamba, kama unataka kumuona mwenyewe kabisa enda mwezi wa 3 au wa 4, na hapo njo njia inakuwa mubaya. (2) Banyama utaona kidogo, banyama bengi balishakuliwa, tusidanganyane, muntu mwenye anaota tembo na simba kama mu televizyo atalia. (3) Upemba haiko fasi ya kwenda na batoto bila kuuliza kwanza watu wa ICCN (benye kuchunga hifadhi za Congo) hali iko namna gani ile wiki, hapana ile mwaka, ile wiki. Askari ba pori bamekufa kule bakichunga hao punda milia. Mi ninabaheshimu na njo maana sitaki kubapelekea familia yenye kubeba hema ya plastiki.

Mwana_wa_Lufira
Sawa tantine, sitabisha na mwenye alifika. Lakini banyama hawawezi kurudi kama hakuna hata moja anaenda kulipa ile kiingilio.

Wa_Himbi
Salamu toka Goma. Mimi nawasoma na wivu kidogo. Virunga ni ya 1925, hifadhi ya kwanza kabisa Afrika, na mwaka 2019 tulipanda Nyiragongo na binamu zangu, mita 3,470, saa tano za kupanda, ya mwisho unashika mawe na mikono, halafu unafika juu usiku unachungulia na ile ziwa ya moto iko chini inachemka kama maharage. Nimeshaona vitu vingi ila kile sijapata cha kulinganisha. Miaka miwili nyuma yake ndiyo ile tarehe 22 mwezi wa 5 ya 2021, mlima ukapasuka na siku chache baadaye tuko barabara ya Sake na magodoro kichwani. Kisha vita, mwezi wa 1 wa 2025 hata uwanja wa ndege ulifungwa. Kwa hiyo mwenye uzi, nyinyi mko na njia, mpite nayo. Siku moja mtakuja kwetu.

Mushi_wa_Nguba
Na Bukavu vilevile. Mzungu akiniuliza gorila wa Kahuzi-Biega namuonyesha picha. Jirani wa Rwanda permi ya gorila ni dola 1,500 kwa muntu moja, bantu sita piga hesabu ulie.

Mwana_Katuba
Pole zenu ba Kivu, kweli. Sasa minasikia kichwa inazunguka. Banyama Kasanka sawa. Mila je? Mudogo yangu ataniuliza.

Mwalimu_wa_Luapula
Nimekaa kimya nikisoma, sasa niingie. Mwanangu, umesema mwezi wa 7 na watu wote wameruka hapo. Mwisho wa mwezi wa 7, kule Mwansabombwe upande wa Zambia, kunafanyika Mutomboko, sherehe ya Mwata (mfalme) Kazembe. Hiyo haikutengenezwa kwa watalii. Walunda wa Kazembe walitoka huku kwetu, kwa Mwata Yamvo, wakavuka mito wakishinda vita mpaka bonde la Luapula, na Mutomboko ni ngoma ya ule ushindi. Mwata anabebwa kwa machela mbele ya watu, na mwishoni anashuka anacheza mwenyewe, shoka mkono mmoja, upanga mkono mwingine. Wareno walifika kwa Kazembe mwaka 1798, yule mmisionari Livingstone 1867, na wote waliukuta ufalme umesimama. Watoto wako wataona historia ya Congo, ila wataiona wakiwa wamesimama Zambia, na huo ndio ukweli wa Luapula: mto mmoja, Kibemba kimoja huku na huku, mpaka ulichorwa na watu wasiovua samaki.

Kwa hiyo usipange hifadhi kwanza halafu utafute mila ya kubandika juu. Shika tarehe ya Mutomboko, hesabu kurudi nyuma, mengine yatajipanga. Na siku ya kwanza uwapeleke makumbusho ya hapa L'shi waone misalaba ya shaba iliyokuwa pesa ya mababu. Ingekuwa mwezi wa 12 ningekwambia Bunkeya, tarehe 20, siku Wayeke wanapomkumbuka mfalme wao M'siri aliyeuawa 1891.

Dereva_wa_Tunduma
Mwalimu umenifungua. Na karibu na Kasanka kuna pale kwa Chitambo ambapo Livingstone alifia 1873, moyo wake ukazikwa chini ya mti wa mpundu, mwili watumishi wake Chuma na Susi wakaubeba mpaka Bagamoyo kwetu, kwa miguu! Mimi na lori naona mbali.

Tantine_wa_Golf
Ngoja ngoja. Mbele ya mutu yote kununua kitu. Mi nilifanya kazi ya tikiti za ndege miaka mingi, nikuulize: bale batoto na mama yabo beko na paseporti ya Ubelgiji? Viza yabo ya Congo ni ya kuingia mara ngapi?

Mwana_Katuba
Mara moja. Njo ile ya bei ndogo, balikuwa banaenda kuomba wiki hii

Tantine_wa_Golf
SIMAMISHA. Bakitoka Kasumbalesa ile viza imekufa, hawarudi L'shi, banakwama kule na wewe unarudi peke yako na mama. Baombe ya kuingia mara mingi. Halafu na mudogo yako mwenyewe, iko na paseporti gani leo? Uliza, watu banaona haya kusema. Kisha yote enda ubalozi mudogo wa Zambia hapa hapa L'shi uulize ya kila moja, hapana kusikiliza muntu wa intaneti, hata mi.

Na kama munapita njia ya Mokambo–Chembe jueni ile kipande ni Congo, kama km 70, unatoka Zambia unaingia Congo unatoka Congo unaingia Zambia. Ni njia fupi ya kwenda Mansa lakini hesabu mihuri.

Mwana_Katuba
Tantine Mungu akubariki, nimemuita saa hii hii, ilikuwa kesho asubuhi banaenda kulipa. Na kadi ya manjano ninayo tayari ya motokari.

Tantine_wa_Golf
Kadi ya manjano gani?

Mwana_Katuba
Si ile ya COMESA ya asiransi?

Tantine_wa_Golf
😂😂😂 Ile ni ya motokari. Kuko ingine ya bantu, ya chanjo ya homa ya manjano, kila moja na yake, hata mama. Bakikuomba manjano toa zote mbili.

Kaka_wa_Kasapa
Ushauri wa mwisho mi ninyamaze: kama munapita Chingola lale Chimfunshi. Ni fasi ya sokwe mayatima, ilianza 1983, na bengi babo balitoka huku kwetu, waliuzwa wakiwa batoto kiisha mama kupigwa risasi. Hapa L'shi tuko na J.A.C.K. mu zoo tangu 2006 kazi ni ile ile, na kule 2022 bezi baliingia usiku bakaiba batoto batatu ba sokwe bakaomba feza ya kubarudisha, munakumbuka? Mi naona batoto ba Bulaya baone ile vilevile, hapana banyama ba picha tu.

Mwana_Katuba
Nimepiga mustari, munikosoe. Siku 1 makumbusho na J.A.C.K. Siku 2 Kasumbalesa, kulala Chimfunshi. Siku 3 Kapiri, kulala Serenje. Siku 4 na 5 Kasanka mu hema. Siku 6 na 7 mabwawa ya Bangweulu. Siku 8 Samfya kupumuzika ku mchanga. Siku 9, 10 Mwansabombwe, Mutomboko. Siku 11 maporomoko ya Ntumbachushi asubuhi halafu Mansa. Siku 12 Chembe, Mokambo, nyumba.

Dereva_wa_Tunduma
Siku ya 12 ni ndefu, amka saa kumi usiku. Mafuta jaza Mansa, na chukua spea mbili.

Mwalimu_wa_Luapula
Samfya watoto wasiingie majini hovyo, Bangweulu ina mamba. Na Mwansabombwe utafute mahali pa kulala sasa hivi, wiki ile mji unajaa hata chini ya miembe.

Mwana_wa_Lufira
Na mwezi wa 4 mwaka kesho Lofoi. Nimeandika.

Mwana_Katuba
*(wiki saba kiisha)*
Tumerudi. Nilihaidi nitaandika, njo hii, samahani ni murefu.

Ku mupaka moja, sitataja, tulikaa saa nne juu ya karatasi moja ya mutoto wa miaka 9, karatasi ilikuwa mu begi ya kambo yake ndani ya kitenge. Spea mbili: zote mbili zilitumika, kaka dereva nakuombea. Siku ya tatu nilitoka sheli nikaingia upande wa kulia, mama njo alipiga kelele.

Chimfunshi wa miaka 13 alinyamaza saa mbili, kwa yeye ni rekodi. Kasanka tulipanda ile muti saa kumi na moja, tuliona sitatunga babili na moja alituangalia sana halafu akaendelea kula. Bangweulu gidi alitubeba mu bwato ya kusukuma na muti, njo tukamuona yule ndege mwenye mudomo kama kiatu cha mbao, amesimama, hafanye kitu, dakika arobaini hafanye kitu! Mudogo yangu aliona ni ya ajabu, mi niliona anafanana na direkta yetu ya primeri. Swala weusi ba pale, lechwe, beko bengi mupaka macho inachoka, bakikimbia mu maji inasikika kama mvua inakuya.

Mutomboko ilikuwa vile mwalimu alisema, sitaharibu kwa kueleza. Mavumbi, ngoma inaingia ku tumbo, Mwata akishuka kucheza bantu bote balipanda ku mabega ya bengine, kijana wa miaka 9 alikuwa yulu ya mabega ya baba moja hatumujue hata leo.

Lakini ile mila ya kweli mudogo yangu alikuwa anatafuta, ilianza Samfya na haikuwa mu programu. Mama alishuka kununua samaki ya kukausha, akasalimia muuzaji mwapoleni mukwai, yule akajibu, akamuuliza mama umetoka wapi, mama akasema nimezaliwa Kasenga, ukoo wako ni gani, mama akataja, yule mama wa samaki akacheka mupaka akakaa chini, kumbe koo zabo zinataniana, akaanza kumutukana mama matusi ya heshima na mama naye akamurudishia. Mi niko ku usukani motere inaunguruma, nikazima. Saa mbili na nusu. Bakaita bengine. Batoto bakapewa munkoyo, kile kinywaji cha mahindi, ku kikombe cha plastiki. Bibi ya mudogo yangu aliniuliza bagombana? Nikasema hapana, banajuana. Akauliza tangu lini? Sikukuwa na jibu. Tulifika Mansa giza, kinyume na sheria yote ya kaka dereva.

Feza: tulipita dola 4000 kwa mia tatu na kitu, kubwa ni tairi na zile usiku mbili za Bangweulu.

Dereva_wa_Tunduma
Giza nimeisamehe kwa sababu ya mama.

Mama_Bwali
Nimelia. Samaki balinunua kweli?

Mwana_Katuba
Hapana! Alisahau!

Kaka_wa_Kasapa
Mukubwa, mi na bandugu batatu tunapanga Kasanka mwezi wa 11 kuona popo. Ile motokari ya shemeki anapangisha bei gani kwa siku?

Mwana_Katuba
Nitakuandikia pembeni. Lakini mama iko hapa anasoma juu ya bega yangu, anauliza kama mutapita Samfya na kama fasi moja itabakia. Anasema kuko neno moja alikuwa hajamurudishia yule mama.